Nyama nyekundu na nyama nyeupe

Ee mkulima, siku utakapochinja kuku, usimtie chunguni upesi. Mpasue kwanza, utazame. Kifua chake ni cheupe, mapaja yake ni mekundu. Kwa nini? Kuku ni mmoja, damu ni moja, chakula ni kimoja. Kuna sababu, nayo itakufaa siku ya kuuza nyama ya ng'ombe wako.

Nyama ni nyuzi nyingi nyembamba zilizofungwa pamoja kama nyuzi za kamba. Lakini nyuzi hizo si za namna moja.

Namna ya kwanza ni nyuzi za polepole. Hazina nguvu nyingi, lakini hazichoki upesi. Mishipa midogo ya damu huzizunguka, nazo huchoma mafuta na sukari kwa hewa iletwayo na damu. Ni kama moto wa gogo, unaodumu usiku kucha. Ndani yake mna kitu chekundu kiwekacho hewa hiyo, jina lake mioglobini. Kwa hiyo nyama hiyo ni nyekundu.

Namna ya pili ni nyuzi za upesi. Ni nene zaidi, zina nguvu nyingi kwa mara moja. Hutumia sukari iliyowekwa akiba ndani yake, wala hazingoji hewa. Ni kama moto wa majani makavu: unawaka sana, halafu unazimika. Mioglobini yake ni kidogo, kwa hiyo ni nyeupe.

Tena ziko nyuzi za katikati: ni za upesi, lakini hutumia hewa pia, nazo hukawia kuchoka kuliko zile nyeupe.

Sasa fikiri. Kuku hutembea na kuchakura mchana kutwa, basi mapaja yake ni mekundu. Mabawa huyatumia mara chache tu, akimkimbia mbwa. Njiwa je? Yeye huruka mbali. Mpasue, utaona kifua chekundu. Ng'ombe naye hutafuna na kucheua mchana na usiku. Nyama ya taya lake ni karibu yote nyuzi za polepole. Hata samaki wengi wana ukanda mwekundu ubavuni, chini ya ngozi, wa kuogelea polepole. Nyama yao nyeupe ni ya kumkimbia adui.

Sikiliza sasa neno kubwa. Mnyama akiisha kuchinjwa, sukari ya akiba iliyomo katika nyuzi hugeuka kuwa uchachu kidogo. Uchachu huo ni rafiki yako: hukawiza nyama kuoza, tena huipa rangi nzuri. Lakini ukimswaga ng'ombe safari ndefu, ukimpiga, ukimkimbiza mpaka anatetemeka, sukari yake imekwisha njiani. Uchachu utatoka wapi? Nyama yake inakuwa nyeusi-nyeusi, inanata mkononi, inaoza upesi. Wanunuzi wanaikataa, nao watu wanasema, "Amerogwa." Hakurogwa. Amechoshwa.

Basi fanya hivi:

1. Mwendeshe mnyama polepole, asubuhi au jioni, jua lisipokuwa kali.

2. Mpe maji na majani njiani, na tena akifika.

3. Usimpige, wala usimtie pamoja na ng'ombe wageni, maana watapigana.

4. Akitoka mbali, mpumzishe, umlishe vizuri siku kadhaa. Akiba ya ng'ombe hairudi kwa usiku mmoja.

5. Siku ya kuchinja, watoto na mbwa wakae mbali, asiogope.

Kazi ya kumlea ng'ombe ni ya miaka mingi. Usiipoteze faida yake kwa fimbo ya siku moja. Wazee walisema: Haraka haraka haina baraka.