Misemo ya uhuru ya Wamarekani wa kale: Mweleze mtoto na upande wa pili

Simu za vijana zimejaa misemo. Utaona picha ya mzee mwenye nywele nyeupe, chini yake jina la Benjamin Franklin au Thomas Jefferson, na maneno mazito kuhusu uhuru, haki au maisha. Watoto wanaitumiana, na wengine wanaiweka kwenye insha za shule.

Mzazi hana sababu ya kuikataza. Ila mtoto akisoma msemo, ni vizuri ajue pia nani aliusema, lini, na watu wa nyumbani kwake waliishije.

Uhuru au kifo

Machi 23, 1775, mjini Richmond, Virginia, wakili Patrick Henry aliwasihi wajumbe wenzake wajiandae kupigana na Uingereza. Anakumbukwa kwa kutamka kwamba akikosa uhuru, bora afe.

Hakuna aliyeinukuu hotuba hiyo neno kwa neno siku ile. Maneno yanayosomwa leo yalichapishwa mwaka 1817 na William Wirt, kutokana na kumbukumbu za waliomsikia. Henry alikuwa ameshafariki tangu 1799.

Barua yake mwenyewe ya mwaka 1773 ipo. Humo aliulaani utumwa, kisha akakiri kwamba ana watumwa, kwa sababu kuishi bila wao kungemletea usumbufu.

Mwandishi wa usawa

Mwaka 1776, Jefferson akiwa na umri wa miaka 33, aliandika rasimu ya Tangazo la Uhuru. Ndilo linalosema kuwa binadamu wote wameumbwa sawa, na kwamba uhai, uhuru na kuitafuta furaha ni haki zao.

Katika maisha yake Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600. Mmoja wao alikuwa Sally Hemings. Wanahistoria wengi wanakubali kwamba Jefferson ndiye baba wa watoto wake, wanne kati yao wakifikia utu uzima. Watoto hao walizaliwa watumwa wa baba yao.

Wanne hao hatimaye walipata uhuru. Watumwa wengi waliobaki hawakuupata. Jefferson alifariki Julai 4, 1826 akiwa na madeni makubwa, na Januari 1827 mnada ulifanyika shambani kwake Monticello. Watumwa 130 walitangazwa kuuzwa.

Mke aliyeuliza

Machi 31, 1776, Abigail Adams alimwandikia mumewe John, aliyekuwa Philadelphia kwenye Bunge la makoloni. Yeye alibaki Massachusetts akilea watoto na kuendesha shamba. Alimwomba kwamba wakitunga sheria mpya wawakumbuke wanawake, wasiwape waume mamlaka yasiyo na mipaka.

John alimjibu kwamba ombi hilo limemchekesha. Wanawake walihakikishiwa haki ya kupiga kura katika Katiba ya Marekani mwaka 1920, miaka 144 baada ya barua hiyo.

Mtumishi aliyesikia

John Adams huyohuyo ndiye mwandishi mkuu wa katiba ya Massachusetts ya mwaka 1780, inayosema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Katika mji mdogo wa Sheffield alikuwepo mtumwa aliyeitwa Bett, asiyejua kusoma. Maneno hayo aliyasikia yakizungumzwa, akamwendea wakili Theodore Sedgwick na kumtaka amsaidie kudai haki yake.

Mwaka 1781 mahakama ilimpa ushindi. Akajichagulia jina jipya: Elizabeth Freeman. Kesi yake ni miongoni mwa zilizofungua njia ya kukomesha utumwa katika jimbo hilo.

Huyu ndiye wa kumsimulia mtoto anayesema kwamba kama wazee wale walikuwa wanafiki, basi maneno yao hayana maana. Maneno yalikuwa na maana. Bett aliyachukua kama yalivyo na kuyapeleka mahakamani.

Mzee aliyebadilika

Franklin naye alimiliki watumwa, na gazeti lake lilichapisha matangazo ya kuwauza. Lakini mwaka 1787 alikuwa rais wa chama cha Pennsylvania cha kupinga utumwa. Februari 1790 alitia saini ombi la kulitaka Bunge liukomeshe. Alifariki Aprili 17 mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 84. Ombi halikufanikiwa.

Kuna jambo jingine lake linalowahusu wazazi moja kwa moja. Mwaka 1736 mwanawe Francis, wa miaka minne, alifariki kwa ndui. Franklin hakuwa amempa kinga iliyokuwepo wakati ule. Katika kitabu cha maisha yake alieleza kwamba alijuta sana, na kwamba ameliandika hilo ili wazazi wanaoiogopa kinga wajifunze kwake.

Mazungumzo ya nyumbani

Mtoto akileta msemo, muulize maswali matatu. Nani ameandika kwamba huyu alisema hivyo? Siku ile yaliposemwa, nani hakuhesabiwa? Baadaye nani aliyatumia kudai haki yake?

Kisha mzazi ajitayarishe kuulizwa la nne, maana watoto wana macho. Mtoto anayefundishwa kuwa watu wote ni sawa anamwona pia dada wa kazi: anakula wapi, analala saa ngapi, anaitwaje akikosea. Anaona kama binti na mvulana wanagawana kazi za nyumbani, na kama mama akitoa wazo anasikilizwa au anachekwa.

Akiuliza, usimnyamazishe. Kama ana hoja, mwambie ana hoja, kisha mrekebishe pamoja kilichokosewa.