Kabla ya Kumsainia Mtoto Karatasi ya Kuruka

Mzazi wa Makiso, hapa Kisangani, akiletewa karatasi ya kumruhusu mtoto ajiunge na klabu ya vijana wa anga, pengine jambo la kwanza kumjia akilini ni tarehe 8 Julai 2011. Siku hiyo Boeing 727 ya shirika la Hewa Bora iliyotoka Kinshasa ilijaribu kutua Bangoka, uwanja wetu wa ndege, katika mvua kubwa ya radi, ikaikosa njia ya kutua, ikaanguka. Watu zaidi ya 70 walikufa. Mzazi mwenye kumbukumbu hiyo asiitwe mwoga. Hofu yake ina msingi, na ikitumiwa vizuri itamsaidia kuuliza maswali yanayofaa.

Swali la kwanza ni hili: mtoto anaitwa kufanya nini hasa? Jina moja la klabu hubeba mambo matatu yasiyofanana. Kuna klabu ya ardhini, ambako watoto hujifunza kwa nini bawa hubeba ndege, husoma mawingu na upepo, huunda ndege za mfano na kutembelea mnara wa waongozaji wa ndege. Ufaransa imelipa jambo hili uzito hadi ikaliwekea cheti cha serikali, Brevet d'initiation aéronautique, kinachofundishwa shuleni. Kuna safari ya kuonja: mtoto anakaa kando ya rubani mwenye leseni, wanazunguka kwa muda mfupi, wanarudi. Marekani ina mpango wa namna hiyo uitwao Young Eagles, ulioanza 1992 kwa watoto wa miaka 8 hadi 17, na umekwisha kuwarusha zaidi ya milioni mbili. Halafu kuna mafunzo yenyewe ya urubani.

Hayo ya tatu yana umri wake. Kongo imo katika Mkataba wa Chicago wa 1944 kuhusu usafiri wa anga, na kanuni za kimataifa zinazotokana nao ziko wazi: leseni ya rubani binafsi haitolewi kabla ya miaka 17, na hutaka saa 40 hivi za kuruka, leseni ya biashara ni miaka 18, ile ya kapteni wa ndege kubwa za abiria ni miaka 21 na saa 1,500 angani. Kwa hiyo mtu anayekuahidi kwamba binti yako wa miaka 14 atatoka kwenye programu yake na leseni ya urubani anakudanganya, hata akiwa na kofia na mabega yenye mistari ya dhahabu. Usimpe pesa.

Klabu ya ardhini mimi ningeikubali leo hii, bila kusita. Safari ya kuonja ndiyo inayotaka mazungumzo marefu.

Mwaka 1996 msichana wa Kimarekani wa miaka 7, Jessica Dubroff, alitangazwa kwamba angekuwa mtoto mdogo kuliko wote kuvuka nchi yake akishika usukani wa ndege. Alifuatana na baba yake na mwalimu wa urubani. Tarehe 11 Aprili, katika mji wa Cheyenne, waliondoka huku dhoruba ikiwafikia. Ndege yao ndogo ilikuwa imezidishiwa uzito, na mji huo uko juu sana, hewa yake ni nyepesi. Ilianguka dakika chache baadaye, wakafa wote watatu. Wachunguzi hawakumlaumu mtoto. Walisema kosa lilikuwa uamuzi wa mwalimu wa kuruka katika hali ile, na kwamba ratiba iliyobana, kwa sehemu kwa sababu ya ahadi kwa waandishi wa habari, ilichangia. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kumkataza rubani kumwachia usukani mtu asiye na leseni kwa ajili ya kutafuta rekodi.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu kinatugusa. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta. Asubuhi anga inaweza kuwa safi, na mchana mawingu yakapanda kama minara, yakashusha radi na upepo unaogeuka ghafla. Joto nalo huifanya hewa kuwa nyepesi, ndege ndogo ikahitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Programu iliyopangwa vizuri huwarusha watoto mapema asubuhi, wachache wachache, na huwa tayari kuahirisha. Muulize mkuu wake: mara ya mwisho mliahirisha lini, na ni nani aliyeamua? Akikujibu kwa utulivu, akakueleza mawingu yalikuwaje na watoto walirudishwa nyumbani vipi, umempata mtu wa kumwamini. Akikwambia kwamba wao hawajawahi kuahirisha, kaa na mwanao. Jihadhari pia na safari iliyofungwa kwenye sherehe, mgeni rasmi akisubiriwa na kamera zimepangwa, maana siku kama hiyo kila mtu huona aibu kusema hapana.

Halafu omba kuona leseni ya rubani na cheti chake cha afya, vyote visiwe vimeisha muda. Cheti cha ndege cha kustahili kuruka. Na bima inayomtaja abiria. Mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi, AAC, ndiyo inayosimamia hati hizi. Kuomba kuziona si utovu wa heshima. Rubani wa kweli amezoea kukaguliwa.

Jambo jingine wataalamu wa nchi nyingine hawaligusi, lakini hapa kwetu haliepukiki. Kanada na Uingereza zina makadeti wa anga, vijana wanaovaa sare na kupiga paredi, na vikundi hivyo vina uhusiano na jeshi. Huko ni heshima. Katika mji uliowaona kadogo, yaani askari watoto, wakipita na bunduki ndefu kuliko wao mwaka 1997, mzazi ana haki kamili ya kuuliza sare ni ya nani na orodha ya majina inapelekwa wapi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inakataza kumwingiza mtu wa chini ya miaka 18 jeshini au polisi. Klabu iwe ya kiraia, na iseme hivyo kwa maandishi.

Upande wa afya, mtoto mwenye mafua au sikio linalouma asiruke siku hiyo, kwani mabadiliko ya shinikizo la hewa yatamtesa. Zito zaidi ni selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita SS. Ndege ndogo haina shinikizo la hewa ndani, na oksijeni hupungua kadiri inavyopanda. Kwa mtoto wa SS hilo linaweza kuamsha maumivu makali. Kama hujui hali ya damu ya mwanao, kipimo kije kabla ya safari, na daktari aamue. Mpime na macho pia, hasa uwezo wa kutofautisha rangi, kwa kuwa leseni inautaka. Miwani peke yake haimzuii mtu kuwa rubani.

Tukiyamaliza hayo, nasema wazi kwamba ningependa watoto wengi wa Makiso waingie, wasichana na wavulana. Kutoka hapa hadi Kinshasa kwa boti ya mtoni ni safari ya majuma, na barabara mnazijua. Mkoa huu unahitaji ndege, na ndege inahitaji mafundi, waongozaji na watu wa hali ya hewa kuliko inavyohitaji marubani. Kazi hizo hufundishwa Soroti nchini Uganda, Nairobi na Addis Ababa, na huko masomo ni kwa Kiingereza. Redio ya safari za kimataifa nayo hutaka Kiingereza cha kiwango cha nne katika ngazi sita za kimataifa. Hivyo, mtoto akimaliza la nane na kuanza kuchagua seksio ya humanités, kaa naye mezani mzungumzie hisabati, fizikia na Kiingereza. Uchaguzi huo utamfungia au kumfungulia mlango wa anga zaidi kuliko dakika ishirini za kuzunguka juu ya mto.