Ukumbi, Cheche na Kimbweta

Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilipofungua Houston Hall mwaka 1896, jengo la kwanza Marekani la wanafunzi kukutania na kupumzikia, wanafunzi walikuta humo meza za biliadi na hata bwawa la kuogelea. Walipata pa kushinda baada ya vipindi. Mlimani, kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi hiyo haikuwahi kukaa chini ya paa moja.

Chuo chenyewe kilianzia kwa jirani. Oktoba 1961 wanafunzi wa sheria, kumi na kitu tu, walisomea katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba; kilimani walihamia 1964. Huko likaja jengo ambalo hata asiyewahi kufika huenda aliwahi kulishika mkononi: Ukumbi wa Nkrumah, uliokuwa umechorwa nyuma ya noti ya zamani ya shilingi 500 iliyokuwa na sura ya Karume. Mihadhara, mahafali, midahalo ya kuchana mashati, yote humo.

Lakini vijana wenye lao hawakungoja ratiba ya ukumbi. Wanachama wa USARF, chama cha wanafunzi wanamapinduzi ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, walijiwekea darasa la itikadi siku za Jumapili, na mwaka 1969 wakaanzisha jarida la Cheche. Novemba 1970 serikali ikapiga marufuku chama na jarida. Lawama mojawapo ilikuwa jina la jarida: eti limeazimwa Urusi, kwenye gazeti la Lenin. Mama lishe anayepepea jiko la mkaa angeshangaa kuambiwa cheche zinazomrukia khanga zimetoka Moscow. Vijana wakarudi na jarida jingine, MajiMaji. Hilo nani angelisingizia Urusi?

Siku hizi, ukimtafuta mwanafunzi, pita kwanza kwenye vimbweta. Kimbweta ni meza ya zege yenye mabenchi ya zege, imesimikwa chini ya mti. Haihamishiki, haiibiki, na mvua ikinyesha kila mtu anakimbia na madaftari kichwani. Hapo ndipo diskasheni zinapofanyika, ndipo anayejua hesabu anapomfundisha asiyejua bila kumwita mjinga, na ndipo habari za bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, kuingia hufika kabla ya tangazo kubandikwa ubaoni. Mitihani ikikaribia, chelewa uone: saa moja asubuhi kila benchi lina daftari lililowekewa jiwe juu, na mwenyewe bado yuko bwenini anapiga mswaki.