Uvimbe Ukisagwa, Nani Amehesabiwa?

Seli ya kawaida ya binadamu ina kromosomu 46. Seli nyingi za saratani hupotoka kwenye idadi hiyo, na upotofu huo hujitokeza maabara ikipima wingi wa DNA ndani ya kiini. Njia mbili hutumika zaidi. Katika saitometria ya mtiririko, uvimbe husagwa, viini vikatiwa rangi inayong'aa ikishikana na DNA, kisha vikapita kimoja kimoja mbele ya leza; maelfu hupimwa kwa dakika chache. Katika saitometria ya picha, viini hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi ya Feulgen, iliyoanza kutumika mwaka 1924, halafu kamera ya hadubini hupima ukolevu wa rangi ya kila kimoja. Hapa vinavyopimwa ni mamia tu, na wengi huona leza imeshinda. Kwa uvimbe mgumu, kama wa titi, siafiki. Uvimbe huo una seli za saratani, lakini pia una limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu), seli za mishipa ya damu na za tishu unganishi, zote zenye DNA ya kawaida. Ukisaga vyote pamoja, seli za saratani zikiwa chache, kilele chao kwenye grafu humezwa, na majibu hutoka “kawaida”. Kwenye kioo, mtaalamu hukiona kiini kabla ya kukipima, na limfosaiti zilizo pembeni humpa kipimo cha kulinganishia.

Watasema anayechagua viini kwa jicho huchagua vile vinavyomthibitishia shaka yake. Ni kweli, ndiyo maana vigezo vya kuchagua huandikwa mapema. Lakini hata kwa leza kuna aliyechagua: yule aliyekata kipande cha kusaga. Hoja nzito zaidi ni unene. Kipande cha mikromita 4 au 5 hukata viini katikati, na nusu ya kiini huonyesha DNA pungufu. Dawa yake ni kutoa viini vizima kutoka kipande kinene. Leza pia hutambua vizuri zaidi tofauti ndogo, na kwenye damu, ambako seli zimekwisha kutengana, haina mpinzani. Na huko tofauti ndogo zina uzito: katika leukemia ya limfoblasti ya watoto, ambayo ni saratani ya damu, DNA inayofikia mara 1.16 ya kawaida huwa dalili njema, ajabu kidogo kwa aliyezoea kudhani kila ziada ni balaa. Kwa uvimbe mgumu, basi, jibu la “kawaida” kutoka kwa leza lisipokelewe kabla mwanapatholojia hajaangalia kioo cha kipande kilekile na kuandika ni sehemu gani yake iliyokuwa saratani.