Mama Mvutaji Asimnyime Mwana Ziwa

Katika mitaa ya upande wa bara wa Mombasa, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, mwanamke avutaye sigara huvuta kwa siri, kwani jamii humwona kuwa mtovu wa haya. Akijifungua, lawama huzidi, na aghalabu huandamana na ushauri kwamba amwachishe mtoto ziwa na kumpa maziwa ya kopo, asije akamtilia sumu. Ushauri huo hutokana na huruma, lakini madhara yake ni makubwa.

Ni kweli kwamba nikotini iliyomo katika tumbaku hupita katika damu ya mama na kuingia katika maziwa, tena hujikusanya humo kwa wingi kuliko katika damu yenyewe. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto walionyonya baada ya mama zao kuvuta sigara walilala muda mfupi kuliko siku ambayo mama hao hawakuvuta. Aidha, nikotini hupunguza homoni inayosaidia kutengeneza maziwa.

Hata hivyo, matabibu hawamwambii mama huyo aache kunyonyesha. Maziwa yake bado yana kinga dhidi ya kuhara na maradhi ya kifua, na maradhi ya kifua ndiyo hasa yanayomwandama mtoto aishiye katika moshi. Kumwachisha ziwa ni kumvua ngao vita vikiwa vimepamba moto. Na hayo maziwa ya kopo yatakorogwa kwa maji gani? Wakazi wengi wa mitaa hii hununua maji ya madumu kwa wachuuzi wa mikokoteni, na si kila nyumba yenye makaa ya kuyachemsha kila mtoto aliapo. Wahenga walinena: heri nusu shari kuliko shari kamili.

Lililo bora kabisa ni mama kuacha tumbaku. Asiyeweza kuacha leo na apunguze. Anyonyeshe kwanza ndipo avute, tena nje ya nyumba, kisha anawe mikono na kubadilisha kanga kabla ya kumpakata mwanawe. Nusu ya nikotini hutoweka katika maziwa kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Kwa hiyo, kadiri anavyokawia kunyonyesha baada ya kuvuta, ndivyo mtoto anavyopata nafuu.

Lakini tusiikodolee macho sigara peke yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake wavutao tumbaku nchini Kenya walikuwa asilimia 0.8 tu, ilhali watumiao tumbaku isiyo na moshi walikuwa asilimia 3.8. Hapa Pwani tunaijua: ni ugoro, na ni ile tumbaku inayotiwa katika tambuu pamoja na popoo na chokaa. Mtafuna tambuu haitwi mtovu wa haya. Walakini nikotini hupenya katika ufizi kama ipenyavyo katika pafu, na kutoka hapo huifuata njia ile ile hadi katika maziwa.

Na akina baba je? Katika uchunguzi huo huo, wanaume wavutaji walikuwa asilimia 15.1. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilipiga marufuku uvutaji mahali pa umma, lakini haimfuati baba katika chumba cha kupanga anamolala na mkewe na mtoto mchanga. Moshi wake humfikia mtoto vilevile. Jamii imkemeayo mama na kumnyamazia baba haijatenda haki.

Walimu wa sayansi wana nafasi njema ya kuyafundisha haya, na wanafunzi, ambao ndio kaka na dada wa watoto hao, wayafikishe nyumbani kwa adabu. Wauguzi nao wamwulize kila mzazi, bila ya kumfokea, kama anatumia tumbaku ya aina yoyote. Mficha maradhi kifo humfichua. Lakini amtiaye mwenzake aibu hata akayaficha maradhi yake, naye ana sehemu yake katika msiba huo.