Mtoto wa Unguja na Bendi Iliyotikisa Dunia

Je, msomaji mpenzi, umepata kufika Konde? Ukipanda gari Chake Chake na kuelekea kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, utashuka penye soko na pilikapilika za watu. Mbele kidogo uko msitu wa Ngezi na miti yake mirefu. Msimu wa karafuu ukifika, majamvi hutandazwa juani kila ua, na harufu yake hukupokea kabla hujaona mtu wa kukukaribisha.

Kaa barazani jioni moja pamoja na wazee. Utasikia simu za vijana zikipiga muziki wa kila namna: taarab, kaswida, bongo fleva, na mara nyingine ule muziki mzito wa Kizungu, magitaa yakinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Mzee atauliza: “Hao wanaimba au wanagombana?” Kijana atajibu: “Wanaimba, babu. Na huyo mwenye sauti ni mzaliwa wa Unguja.” Mzee atanyamaza kidogo, kisha atauliza swali ambalo kila mzee wa pwani huliuliza: “Wa Unguja? Mtoto wa nani?”

Ni swali jema. Leo, msomaji, napenda tulijibu pamoja, kwa maana kijana yule hakusema uongo.

MTOTO WA NANI?

Alizaliwa tarehe 5 Septemba, 1946, katika hospitali ya serikali mjini Unguja. Jina alilopewa ni Farrokh Bulsara. Baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa karani wa fedha katika mahakama kuu ya serikali ya Kiingereza. Mama yake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, watu wa asili ya Uajemi waliokaa Bara Hindi kwa karne nyingi, wafuasi wa dini ya nabii Zoroaster. Basi hakuwa Mwislamu wala Mkristo, ingawa masomo yake ya kwanza aliyapata Unguja kwa masista wa Kianglikana.

Alipokuwa na umri wa miaka minane, wazazi wake walimpeleka Bara Hindi kusoma katika shule ya bweni ya Mtakatifu Petro, huko Panchgani. Huko alijifunza kupiga piano, akaunda na wenzake bendi ndogo ya shule. Alirudi Unguja mwaka 1963. Miezi haikupita mingi, Mapinduzi ya Januari 1964 yakatokea, na jamaa ile ikaondoka kama jamaa nyingine nyingi. Wakahamia Feltham, karibu na London, wakaanza maisha upya. Kijana akasomea uchoraji katika chuo cha Ealing. Alipata kubeba mizigo katika uwanja wa ndege wa Heathrow, na kuuza nguo za mitumba katika soko la Kensington. Wenzake walizoea kumwita Freddie, na baadaye akajipa jina la pili, Mercury.

GITAA LA MBAO ZA MEKO

Mwaka 1970 Freddie alijiunga na vijana wawili waliokuwa na bendi yao iliyovunjika. Mmoja ni Brian May, mwanafunzi wa elimu ya nyota. Wa pili ni Roger Taylor, mpiga ngoma, aliyekuwa ameanza masomo ya udaktari wa meno. Mwaka 1971 akaja wa nne, John Deacon, mwanafunzi wa mambo ya umeme. Freddie ndiye aliyechagua jina la bendi: Queen, yaani Malkia.

Hapa nataka usimame kidogo, msomaji, hasa wewe fundi wa kuunga kitu kwa kitu. Gitaa la Brian May halikununuliwa dukani. Alilitengeneza mwenyewe pamoja na baba yake, kuanzia mwaka 1963, kwa sababu fedha ya kununua gitaa zuri haikuwako. Shingo yake ilichongwa kutoka ubao wa meko ya zamani ya kuotea moto. Springi zake zilikuwa za pikipiki kuukuu, na ncha ya mkono wake ilitoka katika sindano ya mama ya kufumia sweta. Kazi hiyo iliwachukua kama miaka miwili. Gitaa hilohilo ndilo lililonguruma katika viwanja vya dunia nzima, na Brian hakuliacha hata alipokuwa na mali ya kununua duka zima la magitaa.

Santuri yao kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 1973. Magazeti ya Uingereza hayakuwasifu sana. Wengine waliwacheka kwa mavazi yao ya madaha, wengine wakasema vijana hawa wana majivuno kuliko kazi. Walakini watu walizidi kujaa kuwasikiliza.

WIMBO WA DAKIKA SITA

Mwaka 1975 walitoa wimbo unaoitwa “Bohemian Rhapsody”. Ulikuwa na urefu wa karibu dakika sita, na wakati ule radio zilipenda nyimbo za dakika tatu tu. Wenye kampuni ya santuri walishauri ukatwe. Vijana wakakataa. Walikuwa wameufanyia kazi majuma matatu, watu watatu wakiimba na kurudia, sauti juu ya sauti, hata ukionekana kama ni kundi kubwa la waimbaji. Ukanda wa kunasia sauti ulipitishwa mashineni mara nyingi hata ukaanza kuchakaa. Mtangazaji mmoja wa London, Kenny Everett, aliupata kabla haujauzwa, akaupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa juma. Ulipotoka ukashika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma tisa.

Ndani ya wimbo ule, msomaji, limo neno moja ambalo kila mtoto wa Konde hulitamka kabla ya kupeleka mkono kwenye sinia: Bismillahi. Alilitoa wapi Freddie? Mtu aliyezaliwa Unguja hana haja ya kulitafuta mbali. Lakini yeye mwenyewe hakupenda kueleza nyimbo zake, na habari za Zanzibar hakuzizungumza mara nyingi.

Tarehe 13 Julai, 1985, palifanyika tamasha kubwa la kuchangia wenye njaa Ethiopia. Katika uwanja wa Wembley, London, walikuwapo watu wapatao 72,000, na wengine wengi sana walitazama kwa televisheni. Bendi nyingi ziliimba siku ile. Queen walipewa kama dakika 20 tu, na hata leo watu wengi husema kwamba dakika hizo zilipita zote. Freddie aliinua mkono, uwanja mzima ukapiga makofi kama mtu mmoja.

KOSA LA SUN CITY

Sasa tufike penye uchungu. Sifa peke yake si habari kamili.

Mwezi Oktoba 1984, miezi kama tisa kabla ya siku ile ya Wembley, Queen walikwenda kuimba Sun City, mji wa starehe katika Bophuthatswana. Bophuthatswana ilikuwa moja ya nchi za bandia ambazo Makaburu wa Afrika Kusini walizikata ili Waafrika waambiwe kwamba wana nchi zao, wasidai haki katika nchi yao ya kweli. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewaomba wanamuziki wa dunia wasiende kuimba Afrika Kusini. Queen wakaenda. Wakajitetea kwamba wao si watu wa siasa, wanamwimbia kila mtu. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawatoza faini, na jina lao likaandikwa na Umoja wa Mataifa katika orodha ya waliokaidi. Mwaka uliofuata wanamuziki wengi mashuhuri waliungana kutoa santuri ya kutangaza kwamba wao hawataimba Sun City.

Fikiri, msomaji. Wakati ule nchi yetu ilikuwa imewapa wakimbizi wa Afrika Kusini ardhi huko Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule ya vijana wao. Mkulima wa hapa alikuwa amekubali kugawana kidogo alichonacho kwa ajili ya jambo lile. Na mzaliwa wa Unguja akapanda jukwaani Sun City. Neno “sisi si watu wa siasa” halitoshi. Mwenye kuimba karamuni katika nyumba ya dhuluma amemsaidia mwenye nyumba, apende asipende.

UGONJWA

Mwaka 1987 Freddie aligundulika kuwa na virusi vya ukimwi. Aliwaficha watu wengi. Aliendelea kufanya kazi, akirekodi nyimbo hata alipokuwa hawezi kusimama muda mrefu. Tarehe 23 Novemba, 1991, alitoa tangazo kwamba anaugua ukimwi. Kesho yake akafariki, na umri wake ulikuwa miaka 45. Makasisi wa dini ya wazazi wake ndio waliomfanyia sala ya maziko.

Dawa zilizoanza kuwapa wagonjwa maisha marefu zilipatikana kwa nguvu mwaka 1996, miaka mitano baadaye. Leo mgonjwa anayepimwa mapema na kunywa dawa zake kila siku aweza kulea wanawe na kuona wajukuu. Wenzake Freddie waliobaki walianzisha mfuko wa kusaidia vita dhidi ya ugonjwa huo. Tena, tarehe 29 Novemba, 2003, Brian May na Roger Taylor walikwenda Cape Town kuimba katika tamasha la Nelson Mandela la kupigana na ukimwi. Waliokosea njia mwaka 1984 walirudi katika nchi ile ile kwa mlango mwingine, na safari hii mwenyeji wao alikuwa Mandela mwenyewe.

UGOMVI WA NYUMBANI

Mwaka 2006 Freddie angalikuwa ametimiza miaka 60. Mkahawa mmoja wa pwani mjini Unguja, uliobeba jina lake, ukapanga sherehe ya kumkumbuka. Jumuiya ya Uamsho ikapinga. Ilisema kwamba maisha ya mtu huyu, hasa mapenzi yake kwa wanaume wenzake, yanapingana na Uislamu, na kumsherehekea ni kuharibu jina la Zanzibar. Wengine wakajibu kwamba wageni huja visiwani kwa ajili yake, nao huacha fedha. Mwisho sherehe ile haikufanyika. Mwaka 2019 jumba dogo la kumbukumbu yake lilifunguliwa Shangani, nalo hutembelewa na wageni wengi.

Jambo la kushangaza ni kwamba miaka miwili kabla ya ugomvi ule, mwaka 2004, serikali ya Iran, ambayo ni kali sana kwa muziki wa Kizungu, iliruhusu mkusanyo wa nyimbo za Queen uuzwe. Nyimbo za mapenzi ziliondolewa, na pamoja na mkusanyo pakawekwa karatasi ya maelezo, ili msikilizaji ajue kila wimbo unasema nini. Waajemi walijua kwamba mtu huyu ana asili ya kwao.

Mimi siandiki haya ili kuamua nani alikuwa na haki katika ugomvi wa mwaka 2006. Naona hili tu: katika makelele yale yote, wale waliotaka sherehe walizungumza fedha za wageni, na wale walioikataa walizungumza chumba cha kulala cha marehemu. Habari ya Sun City haikuwa ndiyo hoja. Lile ambalo lilituhusu sote, weusi kwa weupe, Waislamu kwa Wakristo, lile la mtu wetu kuimba kwa Makaburu, lilipita kama halikutokea. Na gitaa la mbao za meko, na majuma matatu ya kurudia wimbo mmoja, nayo hayakutajwa kwa vijana wanaohitaji kujua kwamba sifa haianguki kama embe.

TUWAAMBIE NINI WATOTO?

Basi, msomaji, ukiwa mzazi Konde, au Wete, au popote usomapo gazeti hili, na mwanao akipiga muziki ambao masikio yako hayaupendi, usikimbilie kusema, “Zima hiyo!” Uliza kama yule mzee wa barazani: “Mtoto wa nani? Ametoka wapi? Amefanya nini?” Mwanao akijua, atakueleza, nawe utajifunza. Asipojua, mtafute pamoja. Kisha mwambieni ukweli wote, mzuri na mbaya, wala msichague nusu inayowapendeza. Mtoto aliyepewa nusu ya habari huitafuta nusu ya pili kwa watu wengine, na ndipo huacha kutuamini.

Jioni ile barazani, kijana alimweleza babu yake kadiri alivyojua. Mzee alisikiliza, akakung'uta vumbi la karafuu katika viganja vyake, akasema: “Alizaliwa hapa. Basi mema yake ni yetu, na makosa yake pia tuyajue.” Kisha akamwambia mjukuu wake apunguze sauti kidogo, maana adhana ilikuwa karibu.