Ofisa aliyebebeshwa mlima

Mlima mrefu kuliko yote duniani una jina la mwanajeshi ambaye hakuupima, na aliposikia wanataka kuuita kwa jina lake alipinga. George Everest, ofisa wa mizinga wa Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, alisafiri kwenda India mwaka 1806 akiwa na miaka 16 tu. Alistaafu 1843 akiwa Mpimaji Mkuu.

Kazi ndefu kuliko zote. Kazi hii ya kuipima India haikuanza naye. William Lambton, naye mwanajeshi, aliianza Madras mwaka 1802: unapima mstari mmoja ardhini kwa mnyororo, kisha pembetatu juu ya pembetatu, pembe tu, hadi Himalaya. Kilomita zipatazo 2,400, shabaha ikiwa kujua umbo la dunia lilivyo. Lambton alifia kazini 1823. Everest akaipokea, maradhi yakamrudisha Uingereza miaka mitano, akaja tena na kuimaliza 1841. Vibarua wa Kihindi waliokufa kwa homa porini hawana kilele.

Chombo kizito kuliko vyote. Theodolaiti ya Lambton, ya kupimia pembe, ilikuwa na uzito wa karibu nusu tani. Wafaransa waliiteka baharini wakaipeleka Mauritius, kisha, kwa uungwana adimu wa vita, wakaiachilia iende zake. Mwaka 1808 iligonga ukuta ilipokuwa ikipandishwa juu ya hekalu la Thanjavur. Lambton alijifungia hemani wiki sita akiinyoosha kwa mkono.

Kilele chenyewe. Nepal haikuruhusu wapimaji kuingia, hivyo walikilenga kutoka tambarare za India, mbali mno. Aliyepiga hesabu ni Radhanath Sikdar, mwanahisabati wa Kibengali. Jibu lililotangazwa 1856 lilikuwa futi 29,002. Kipimo cha 2020, mita 8,848.86, kinalizidi kwa mita tisa hivi. Ukiniuliza mimi, rekodi ni hiyo.

Lakini Andrew Waugh, mrithi wa Everest, alitaka kumuenzi bosi wake wa zamani kwa kukipa kilele jina lake. Everest alijibu kwamba wenyeji hawataweza kulitamka jina hilo wala kuliandika kwa Kihindi. Watibeti tayari walikuwa na lao, Chomolungma. Mwaka 1865 jina la Everest likapitishwa vivyo hivyo. Ncha ya juu ya Kibo, kule Kilimanjaro, nayo iliwahi kubandikwa jina la Kaiser Wilhelm, ila 1961 ikawa Uhuru.

Everest mwenyewe alijiita “Ivrest”. Hata Waingereza wanamkosea.